Watu Tisa Ndani ya Jiwe Moja

Ile mashua ya jiwe niliichonga mimi, Mong'ina, mama yake Linda, wa Tabaka. Nasema mapema kwa sababu hapa kwetu kazi ikisifiwa hupata wenyewe wengi, na ikikosewa hubaki na mmoja. Kosa lililokuwamo lilikuwa langu. Sifa nazo nilizitaka ziwe zangu, na sikuwa na nia ya kugawana na mtu.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa beseni. Anayeijua kazi yetu anajua mpango wake: wanaume huchimba jiwe letu laini la sabuni, wanaume huchonga, kisha kiboko au twiga huletwa kwetu wanawake akiwa na makovu ya panga mwili mzima. Sisi humtia majini na kumsugua kwa msasa, ule mkali kwanza, halafu wa kati, halafu laini, mpaka mtu akimshika hataki kumwachia. Msasa hauli jiwe peke yake. Nilipokwenda kubadilisha kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilinikataa mara nne, na karani akaniuliza kama nina vidole vingine.

Chini ya kila kazi mchongaji hukata jina lake. Msuguaji hana jina. Mara tatu nilisimama katika mkutano wa kikundi nikaomba benchi ya kuchongea, na mara tatu Ondieki, mwenyekiti wetu, alisema suala litajadiliwa. Ondieki si mtu mbaya, na hakuna aliye na mkono kama wake Tabaka nzima. Lakini alikuwa na msemo wake, kwamba mkono wa mwanamke ni wa kumalizia, si wa kuanza. Msemo huo ulinichoma kila aliposema, na alikuwa akiusema mara nyingi.

Basi mwezi wa tano akaja Mwalimu Bosire kutoka Nyamira. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu. Ujanani alisomea Uingereza, ambako walimtia katika mashua ya chuo kwa sababu alikuwa mrefu na hawakuona kazi nyingine ya urefu ule. Alirudi nyumbani na ugonjwa wa makasia ambao haujapona hadi leo. Siku hizi anafundisha timu ya watu wetu wa mlimani, makarani wa kaunti, muuguzi mmoja, wauza ndizi wawili, katika ukumbi wa kukodi mjini Kisii, kwenye mashine mbili za kuvuta zilizowekwa sakafuni. Jumapili huwapeleka ziwani wakalowe kweli. Jumamosi haiwezekani, maana nusu ya timu ni Wasabato.

Klabu za ziwani zilikuwa zimekubali kushindana nao kila mwaka, na kwa utani zikawaambia: nyinyi hamna maji, basi leteni kombe. Mwalimu hakulichukua kama utani. Alitaka mashua nyembamba ya mbio, wavutaji wanane, na mtu wa tisa asiyeshika kasia bali anayeita mdundo, wote ndani ya jiwe moja refu kama mkono wa mtu mzima.

Kwa kuwa mwalimu hastaafu kufundisha, alikaa juu ya gogo akatupa somo ambalo hatukuliomba. Alisema zamani, mto wa London ulipokuwa na madaraja machache, watu walivushwa kwa mashua, na waliozivuta walikuwa maskini wa kazi ngumu. Hao ndio walioanza kushindana. Zawadi ilikuwa koti jekundu na beji ya fedha, na mbio hizo zipo hadi leo, miaka mia tatu imepita. Kisha matajiri wakaupenda mchezo, wakaunda klabu, wakaandika sheria kwamba mtu anayekula kwa jasho la mikono yake, fundi au kibarua, asishindane na mabwana, kwa kuwa kazi imemkomaza mikono. Sheria hiyo ilidumu mpaka karibu na vita vya pili vya dunia. Wanawake ndio kabisa. Olimpiki haikuwafungulia mlango wa makasia mpaka mwaka wa sabini na sita.

Nilikuwa na kiboko mkononi, nasugua tumbo lake. Hasira ilinipanda kwa ajili ya watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Waliouanzisha mchezo ndio waliofungiwa nje, na sababu waliyopewa ni kwamba wanafanya kazi! Nikasimama, maji yakinichuruzika viwikoni, nikasema kombe hilo nitalichonga mimi.

Wanaume walicheka, lakini Mwalimu aliniuliza kama nimewahi kuchonga. Nikamtuma binti yangu Linda nyumbani akalete kitu nilichochonga jikoni kwangu kutokana na kipande kilichotupwa: uso wa mama yangu, Gesare. Mwalimu alikigeuza mara mbili, akasema huyu anamjua, huyu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za egesangio, kilimo cha zamu, upande wa kwao. Ni kweli. Mimi nilizaliwa Nyamira, katika chai, Tabaka niliolewa.

Ondieki aliutazama ule uso kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Sawa, Mama Linda," alisema. "Mwalimu akikubali hiyo kazi yako, unapata benchi na jina lako unakata chini. Akikataa, hii maneno ya benchi tusiisikie tena."

Nikasema sawa mbele ya kila mtu. Nyanchama, jirani yangu wa beseni, alinikanyaga mguu ninyamaze, lakini alichelewa.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Kisii kuwatazama wavutaji kwenye ukumbi wao. Sikutaka maelezo, nilitaka migongo. Niliona jinsi magoti yanavyokunjwa hadi kifuani na mikono kunyooka mbele, kisha miguu ikasukuma na mgongo ukafunguka na mikono ikamalizia. Nilichora kwa makaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mwalimu alinieleza kwamba nguvu si kitu kama hakuna umoja. Kasia moja likichelewa kidogo tu linaivuta mashua nzima, na watu saba wenye nguvu wanakuwa wameharibiwa na mmoja. Nikamuuliza huyo wa tisa anafanya nini kama havuti. Akasema anakaa uso kwa uso nao, anawaita, na mtu akichelewa anamtaja kwa namba yake hadi aone haya.

Nikacheka sana. Huyo sikuhitaji kuelezwa, huyo alininyonyesha.

Kwetu egesangio ni kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Majembe ishirini hupanda na kushuka pamoja, na wimbo ndio unaoyashikanisha. Mama yangu hakuwa akilima siku hizo. Alitembea kinyumenyume mbele ya mstari, uso wake kwao, akiimba, na jembe la mtu likichelewa jina lake liliingizwa kwenye wimbo pamoja na uvivu wake, na pengine na uvivu wa mama mkwe wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaona kwa kisogo, kwa sababu hakuwahi kuanguka.

Basi nilichonga nikijua ninachochonga. Nilichagua jiwe jeupe lenye mshipa wa waridi. Benchi sikuwa nayo, hivyo nilichonga chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na ilipofika wiki ya tatu wanaume walikuwa wakipita pale kwa visingizio. Wavutaji wanane niliwakunja magoti, mikono imenyooka, makasia yamelala ubavuni mwa mashua ili yasivunjike. Mbele yao, karibu na pua ya mashua, nikamweka mama akiwatazama, mgongo wake kule mashua inakokwenda, kama alivyotembea shambani.

Linda aliniambia mara mbili nitazame video kwenye simu yake, nione mashua zenyewe zinavyokwenda. Nilimwambia mashua ni mashua. Niliwahi kwenda mazishi Homa Bay nikawaona wavuvi kwa macho yangu, wameketi wanatazama waendako, kama punda, kama dereva, kama kiumbe chochote chenye akili. Ondieki naye alisimama siku moja, akakunja uso, akashauri niinue pua ya mashua iwe juu kama zile za wavuvi, ionekane na fahari. Nikaiinua. Namtaja hapa makusudi.

Mbio zilikuwa Jumapili. Jumatano mchana Mwalimu alikuja kuona kazi. Tuliitoa nje wanawake watatu tukaiweka juu ya meza ya karakana, na watu wakajaa. Mwalimu alizunguka. Aligusa mgongo wa mvutaji wa tatu, akatabasamu. Kisha akasimama kwenye ile pua, na tabasamu likamtoka.

"Mong'ina," aliuliza polepole, "hawa watu wanaenda upande gani?"

"Wanaenda mbele, Mwalimu. Wanakotazama."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatueleza kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa, kwamba wavutaji wa mbio huenda kinyumenyume. Wanane wote huupa mwisho wa safari mgongo. Wanaona walikotoka tu, na anayeona wanakokwenda ni yule mmoja. Kwenye mashine za Kisii nisingeweza kulijua hilo, maana mashine haiendi popote. Linda alinisogelea. Alinipa simu tu, video ikiwa tayari imefunguliwa.

Karakana nzima ilicheka. Ondieki alicheka mpaka akashika ukuta, pua yake ya wavuvi akaisahau kabisa. Alipopata pumzi aliniwekea mkono begani, bila ubaya, akasema maneno ya benchi yameisha, nirudi kwenye beseni, viboko mia tano wa watu wananingoja. Ndiyo, kulikuwa na oda ya viboko mia tano ya kwenda ng'ambo, inayoondoka Ijumaa.

Jiwe halina raba ya kufutia. Ukikosea mbao unaongeza gundi, ukikosea udongo unaukanda upya, lakini jiwe ulilolitoa limetoka. Jiwe jingine la ukubwa ule halikuwepo, na siku hazikuwepo. Nilihisi machozi ya hasira yakija, nikayarudisha, kwa sababu Nyanchama alikuwa ananitazama na yeye ndiye aliyekuwa karibu kulia.

Nikaitazama ile video. Nikairudia. Mara ya tatu niliacha kutazama maji, nikatazama watu. Wanane wanamtazama mmoja. Mmoja anawatazama wanane. Mdomo wake umefunguka, shingo imetokeza mishipa, anamsema mtu. Nikainua macho nikaitazama kazi yangu. Wanane wanamtazama mmoja, na mmoja anawatazama wanane. Mama alikuwa ameketi palepale anapotakiwa kuketi.

"Mwalimu," nilisema, "hawa watu wamekaa vibaya?"

Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Watu wamekaa sawa," alisema. "Wamekaa sawasawa kabisa."

"Basi wavutaji wangu hawakukosea. Mashua ndiyo imewekewa uso kisogoni."

Nikachukua panga dogo la Ondieki kutoka mezani pake bila kuomba. Ile pua ndefu ya fahari, iliyosimama nyuma ya mgongo wa mama, niliipiga mara tatu chini ya shingo, ikaanguka sakafuni. Mtu mmoja alipiga kelele kana kwamba nimekata mkono wa mtoto. Nikawaonyesha: hapa pua ilipokuwa panakuwa nyuma, pembamba na pafupi, panakaa usukani. Na kule nyuma, ambako kwa bahati yangu nilikuwa nimeacha jiwe nene kama kitako cha mtungi, kuna nyama ya kutosha kuchonga ncha kali ya mbele. Kuchonga ni kupunguza, na pande zote mbili nilichohitaji ni kupunguza. Mama sasa angeutazama mwisho wa safari, na wale wanane wangemwamini.

Mwalimu Bosire alikaa kwenye gogo lake. Akasema tukiiweza kabla ya Sabato kuingia, atakuja Ijumaa saa kumi kuitazama, na atakachokiona ndicho atakachokiamulia.

Nilichonga Jumatano hadi giza, nikachonga Alhamisi kutwa. Ijumaa asubuhi ncha ya mbele ilikuwa kali na safi, na usukani ulikuwa umebaki. Lakini jiwe lilikuwa bado na makovu ya panga kila mahali, na mapengo kati ya wavutaji yalikuwa ya kupita kidole tu. Kusugua kazi kama ile ni kazi ya kutwa nzima ya mikono miwili. Nyanchama na wenzake walikuwa wamezama kwenye viboko mia tano, na gari la oda lilikuwa limekwishafika. Nilipiga hesabu ya saa nikaona kwamba nitashindwa, na nitashindwa kwa kukosa kazi ileile niliyokuwa nikitaka kuikimbia. Niliona haya. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeiita kazi ya beseni kazi ya kumalizia, kwa msemo wa Ondieki, na sasa bila yake sikuwa na kitu.

Ondieki alikuja saa nne. Alisimama juu yangu, akaipitishia jicho ile ncha ya mbele kutoka mwanzo hadi mwisho, kama afanyavyo mtu anayekagua ubao kama umenyooka. Kisha akauliza beseni lililo huru liko wapi.

Nilidhani anataka kunawa. Akakunja mikono ya shati, akaishusha nusu ya mbele ya mashua majini kwa mikono yake miwili, akajikunja kwenye kigoda changu, magoti yakamfika masikioni. Wanawake wote wakaacha kusugua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikuwahi kudhani nitamwona mwenyekiti akiinama hivyo.

"Jiwe zuri haliwezi kuachwa na makovu," alisema bila kunitazama. "Nipe msasa. Ule wa kwanza ni gani?"

Nikampa mkali. Alisugua kama anayekwangua sufuria, na ilibidi nimwambie asikandamize, afuate mshipa wa jiwe, aache maji yafanye kazi. Alisema ndiyo. Baada ya saa moja alikuwa amechubuka vidole viwili. Baada ya saa tatu aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mgongo huzoea. Nikamwambia hauzoei. Mimi nilikuwa upande wa pili nikimaliza usukani, kisha uso wa mama, yeye akivuta msasa huku, mimi nikivuta patasi kule. Nyanchama alianza kuimba wimbo wa kulima, na kila mkono wa Ondieki ulipochelewa alimtaja kwa jina lake na cheo chake. Wanawake walicheka wakilia. Mkono wa Ondieki ukashika mdundo.

Saa kumi Mwalimu alifika. Kazi ilikuwa juu ya meza, imepakwa nta, mshipa wa waridi ukipita ubavuni kutoka nyuma hadi ncha. Aliinama akaiangalia kwa usawa wa macho, kutoka upande wa mbele, kama mtu aliyesimama kwenye mstari wa mwisho akiona mashua ikimjia: migongo minane, na juu yake uso mmoja unaomtazama. Aliposimama macho yake yalikuwa na maji.

"Hii naipokea," alisema. "Ningekuwa na miaka ishirini ningeivuta mwenyewe."

Alimwambia Ondieki asikie vizuri: naipokea. Ondieki akasema amesikia, na benchi iko karibu na dirisha, imeshafagiliwa. Akachomoa kisu chake kidogo cha kukatia majina, kile ambacho hampi mtu, akaniwekea kiganjani. Kiganja chake kilikuwa kimekunjamana kwa maji kama changu.

Tuliigeuza kazi. Nikakata jina langu kwenye tumbo la mashua, herufi moja moja, bila haraka, jua likiwa bado juu ya mlima. MONG'INA AMECHONGA. Nilifurahi, sifichi. Ondieki alinyoosha mkono kurudishiwa kisu.

Sikumpa. Niliinama tena, nikakata mstari wa pili chini ya wa kwanza, na nilipomaliza nilimwita Nyanchama aje asome kwa sauti, maana yeye alikuwa na miaka kumi na sita kwenye beseni na hakuwahi kusoma kitu kama kile chini ya jiwe lolote.

Akakausha mikono kwa leso yake, akasoma. "Mong'ina amechonga. Ondieki amesugua."

Hakuna aliyecheka. Ondieki alitazama jina lake kwa muda, akapitisha kidole chake kilichochubuka juu ya herufi. Kisha akakichukua kisu mkononi mwangu, akampa Nyanchama, akamwonyesha kwa kidevu wale viboko waliobaki kabla gari halijaondoka.

"Anzeni na wale wakubwa," alisema. "Kila msuguaji akate jina lake."